Gari Linachemsha Mlimani: Angalia Njia ya Upepo Kabla ya Kushusha Hedi

Juni ya mwaka mmoja nilitoka shambani Kilosa, siku tatu za kupita kwenye vijia ambavyo nyasi zimezidi boneti, nikaikamata lami Mikumi kuelekea Iringa. Hadi Ruaha Mbuyuni mshale wa joto ulikuwa umetulia chini kidogo ya nusu, mahali pake pa siku zote. Tulipoanza kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, na wenyewe ukaanza kupanda. Nikazima AC, ukashuka kidogo. Kona tatu mbele ukarudi, safari hii ukiwa na haraka. Nikaegesha.

Fundi wa kwanza kufika hata hakuinama. "Bosi, gasketi imekwenda hiyo. Andaa hela ya kushusha hedi." Hedi ni kichwa cha injini, na gasketi ni kizibo kilicho chini yake. Wa pili hakuwa fundi, alikuwa dereva wa gari la watalii aliyesimama kutujulia hali. Aliuliza swali moja tu: "Ulipita kwenye nyasi?" Akatafuta waya, akaupinda ncha kama ndoana, akauingiza kwenye nafasi iliyo kati ya kondensa ya AC na rejeta inayopoza maji ya injini, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kama kipande cha godoro kuukuu: mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na vumbi jekundu, vyote vimeshikana. Akavuta tena, na tena. Tukaondoka, na Iringa tukafika mshale ukiwa mahali pake.

Hedi haikushushwa. Tangu hapo, mtu akiniambia gari lake linachemsha, siulizi lina maji au halina. Nauliza linachemsha wakati gani. Jibu la swali hilo linapunguza nusu ya kazi, na ndilo nitakalolifuata hapa.

Kwanza, poza bila kuongeza hasara

Mshale ukianza kupanda, zima AC, washa hita hadi mwisho na feni yake juu (ndiyo, utatoka jasho, lakini ile hita ni rejeta ndogo ya ziada), kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Kama mshale haujaingia kwenye wekundu na hakuna mvuke, acha injini iungurume taratibu kwa dakika chache ili maji yaendelee kuzunguka. Ukiingia kwenye wekundu, au ukaona mvuke, zima hapo hapo. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale, yana taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imeshachemka. Ukiwa na la namna hiyo usisubiri taa ikwambie mara ya pili.

Mfuniko wa rejeta usiuguse kwa nusu saa au zaidi. Juu yake utakuta namba kama 0.9 au 1.1, ambayo ni kiasi cha presha unachozuia. Kwa presha hiyo maji ndani yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka kwa mara moja, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Iringa mjini, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo huko ni hatari zaidi. Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyoungua. Hedi ya aluminiamu haipendi mzaha huo.

Linachemsha mlimani au kwenye mwendo mkubwa, foleni halina neno

Hii ndiyo dalili ya njia ya upepo kuziba, na ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu anasema, "Mbona mjini nazunguka siku nzima halichemki?" Ni kwa sababu injini ikiwa haina mzigo inatoa joto kidogo, na hata nusu ya rejeta inalimudu. Mlimani, gari limejaa watu na mizigo, gia ya pili, joto linakuwa mara kadhaa ya lile la foleni. Hapo ndipo ile nusu iliyoziba inapotakiwa na haipo.

Ukisimama mbele ya gari, kitu cha kwanza unachokiona nyuma ya shoo, ile grili ya mbele, si rejeta. Ni kondensa ya AC. Rejeta iko nyuma yake, na nyuma ya rejeta ndipo ilipo feni. Gari la gia za otomatiki linaweza kuwa na kipoza mafuta ya gia hapo mbele pia, na baadhi ya magari ya dizeli yenye tabo yana kipoza hewa cha tabo. Kati ya kondensa na rejeta kuna nafasi ya kidole kimoja au viwili. Uchafu mkubwa, kama majani na karatasi, unakwama mbele ya kondensa na unauona. Uchafu mdogo, hasa mbegu za nyasi na wadudu, unaingia kwa pembeni au unapenya, unafika kwenye rejeta na kulala pale. Kwa mbele kila kitu kinang'aa. Ndiyo maana utamsikia mwenye gari akiapa kwamba rejeta ameiosha juzi tu. Alichoosha ni kondensa.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Injini ikiwa baridi, fungua boneti, ondoa ile kava ya plastiki ya juu (imeshikwa na klipu chache, zitoe kwa utaratibu maana zinavunjika), kisha mulika tochi ya simu kwenye ile nafasi kutoka juu. Ukiona kitu kama zulia, umepata jibu. Ukitaka kuhakikisha, subiri giza liingie, mtu aweke taa yenye nguvu upande wa injini huku wewe ukichungulia kwa mbele. Palipo safi utaona vinukta vya mwanga vikipenya. Palipoziba patakuwa giza. Angalia zaidi sehemu ya chini, kwa sababu matundu ya bampa yanalenga huko.

Aina ya uchafu inategemea ulikopita. Nyasi zikikomaa baada ya mvua, kuanzia Mei, ni mbegu. Mvua za kwanza ni kumbikumbi, usiku mmoja tu unatosha. Barabara ya vumbi uliyopita kukiwa kumenyesha inaacha tope ambalo likikauka linakuwa kama plasta. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepungua barabarani tangu ipigwe marufuku Juni 2019, lakini vifungashio bado vinaruka, na kimoja kikinasa mbele ya shoo kinafunika theluthi ya rejeta kwa sekunde moja. Ukifuata kwa karibu lori lililobeba kuku, manyoya yote ni yako.

Uchafu mbaya kuliko wote ni vumbi lililochanganyika na mafuta. Oili ikivuja mbele ya injini, au mafuta ya AC yakivuja kwenye kondensa, vumbi linaganda na halitoki kwa maji matupu. Hapo hata ukisafisha, kama hukuziba mvujo utarudi baada ya miezi michache.

Linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa

Hapa mshukiwa wa kwanza ni feni. Gari likikimbia upepo unaingia wenyewe, likisimama linaitegemea feni peke yake.

Feni ya umeme: washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi feni itaanza mara moja. Chukua karatasi moja ya daftari, iweke mbele ya shoo. Ikinyonywa na kubaki imeganda, upepo unapita. Feni ikikaa kimya, anza na fyuzi na relay kabla ya kununua mota. Kuna na jambo la tatu ambalo nimeliona mara mbili: feni inavuma vizuri kabisa, lakini karatasi inasukumwa mbele. Mtu alibadilisha mota akageuza nyaya, feni ikawa inapuliza kinyume na upepo wa safari. Mwenye gari alikuwa ameshanunua rejeta mpya.

Karatasi ikikataa kuganda huku feni inavuma upande sahihi, rudi kwenye uchafu. Feni haiwezi kuvuta hewa kupitia zulia.

Feni inayozungushwa na injini, ile ya Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli, ina kilachi yenye mafuta mazito ndani. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, izungushe feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa kama feni ya mezani, kilachi imekwisha.

Angalia pia kama kava inayoizunguka feni ipo. Mafundi wengine wakishaitoa hawairudishi, "inasumbua tu". Bila ile kava feni inavuta hewa ya pembeni, ile ile ya moto ya injini, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Sponji za pembeni za rejeta nazo zina kazi hiyo hiyo, na magari mengi yaliyokwishagongwa mbele hayana hata moja.

Kuunganisha feni dairekti ili izunguke muda wote naukubali kwa dharura ya kukufikisha nyumbani. Zaidi ya hapo unaiua mota, na siku ikifa hutajua mpaka uone mvuke.

Linachemsha AC ikiwashwa tu

Kondensa inatupa joto la ndani ya gari mbele ya rejeta, kwa hiyo rejeta inapokea hewa ambayo tayari ni ya moto. Kukiwa na nafasi finyu ya kupumua, AC ndiyo inayovunja mizani. Habari njema ni kwamba dalili hii inatangulia. Wiki kadhaa kabla mshale haujapanda, utaona AC inapoa vizuri barabarani lakini kwenye foleni inapuliza hewa vuguvugu. Wengi wanakimbilia kuongeza gesi. Osha kwanza, pamoja na ile nafasi ya kati. Gesi ikizidi nayo inaongeza joto, kwa hiyo unaweza kujikuta umelipa ili gari lichemke zaidi.

Linachemsha dakika chache baada ya kuwasha

Huo si uchafu wa nje. Ni maji kupungua, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) kugoma kufunguka, au pampu ya maji. Shika mpira wa juu na wa chini wa rejeta kwa tahadhari: wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi kabisa, huku mshale uko juu, themostati haijafungua. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha. Kwenye themostati yenyewe imeandikwa joto inaloanza kufungukia, mara nyingi 82 au karibu na hapo. Isipofunguka hata maji yakichemka, weka mpya.

Nimesema weka mpya. Usiitupe ukaacha tundu. Kauli ya "nchi hii ya joto, themostati ya nini" imeharibu injini nyingi. Bila themostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta na kuchakaa. Na kwenye injini nyingi za Toyota themostati inapofunguka inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeondoa kitu ili gari lipoe, nalo mlimani linachemka zaidi.

Nje ni safi, mlimani bado

Basi angalia ndani. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uangalie maji. Yakiwa ya rangi ya chai, au mdomo wa rejeta una ukoko mweupe, mirija imeanza kuziba. Watu wa Dodoma na Singida wanaujua ukoko huu kutoka kwenye sufuria zao: ni chumvi ya maji ya kisima. Kila ukiongeza maji hayo unaongeza tabaka. Fundi mwenye kipimajoto cha kumulika anaweza kupima uso wa rejeta gari likiwa limepata moto. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotoka. Kipande cha katikati kilicho baridi ghafla hakipitishi maji.

Rejeta za zamani za shaba zilichokolewa mrija kwa mrija na kurudi kazini. Za aluminiamu zenye matangi ya plastiki huwa tunabadilisha. Baada ya hapo weka kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale safi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Hakikisha si yale makali, ambayo ni asidi. Na wale wanaoweka bizari kwenye rejeta ili kuziba tundu, ni kweli inaziba, ila haichagui tundu na mrija.

Gasketi nayo ipo, sikatai. Dalili zake: povu lisilokoma kwenye mdomo wa rejeta tangu injini ikiwa baridi, mipira kukakamaa ndani ya dakika moja ya kuwasha, moshi mweupe usioisha, oili kufanana na chai ya maziwa. Kama huna hata moja kati ya hizo, mtu asishushe hedi yako kabla rejeta haijaoshwa.

Namna ya kusafisha

Injini iwe baridi. Kwenye gari lenye feni ya umeme chomoa nyaya ya hasi ya betri, kwa sababu baadhi ya feni zinaweza kuwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, na vidole havioti.

Kosa la kwanza ni kuanza na maji. Mbegu za nyasi zikilowa zinavimba, vumbi linakuwa tope, na ulichokuwa unaweza kukipuliza sasa umekijenga. Anza pakavu. Mbele ya kondensa tumia brashi laini, ukipiga kwa kufuata mapezi (vile vibati vyembamba vya kondensa na rejeta), si kuyakata. Kwenye ile nafasi ya kati tumia waya wenye ndoana au kibanio kirefu, uvute uchafu kwa juu. Halafu upepo wa kompresa ya tairi, presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha ulivyoingia.

Hapa kuna mtego. Ukipuliza kutoka nyuma, uchafu unatoka kwenye rejeta lakini unakutana na mgongo wa kondensa na kubaki pale pale kwenye nafasi. Kwa hiyo puliza, vuta, puliza, vuta. Kama zulia ni nene, legeza boliti za vishikizo vya juu vya rejeta. Kwenye magari mengi ni viwili tu, na rejeta inalala nyuma kiasi cha kuingiza mkono. Bomba za AC usizipinde wala kuzifungua, ni za aluminiamu na ndani kuna gesi yenye presha.

Pakishakuwa pakavu na pasafi kiasi, ndipo maji. Mpira wa bustani unatosha. Wadudu na tope gumu vilainishe kwa maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, subiri dakika kumi, suuza kutoka nyuma kwenda mbele, rudia. Pale kwa waosha magari usimkabidhi kijana ile bunduki ya presha na kwenda kunywa soda. Kwa karibu inalaza mapezi kama upepo unavyolaza mpunga, na pezi lililolala limeziba kuliko mbegu. Akae mbali, zaidi ya hatua moja, maji yaingie moja kwa moja, si kwa mshazari. Mapezi machache yaliyolala yanyanyue kwa kijiti cha plastiki.

Kostiki soda usiitumie kabisa, inakula aluminiamu. Petroli vivyo hivyo, kwa sababu nyingine unayoijua. Kwa vumbi lenye mafuta, nunua dawa ya kuondoa grisi ambayo kwenye kopo imeandikwa kuwa haidhuru aluminiamu.

Walio Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar wana jambo moja la ziada. Chumvi ya bahari inakula mapezi taratibu mpaka yanakuwa unga. Gusa kwa kidole eneo la chini: mapezi yakimomonyoka kama biskuti, kusafisha hakutasaidia, utabaki na mirija mitupu. Hiyo ni rejeta au kondensa ya kubadilisha.

Ukishamaliza, rudia ukaguzi wa taa, kisha nenda kajaribu mlima ule ule, mzigo ule ule. Kuzunguka mtaani hakukwambii chochote.

Kuzuia mbegu zisiingie

Madereva wa mbugani wanafunga wavu mbele ya shoo. Wavu wa dirisha wa kuzuia mbu unafaa, ukatwe ufunike pia tundu la chini la bampa, ufungwe kwa kamba ili utoke haraka. Na wenyewe unapunguza upepo, kwa hiyo kwenye nyasi nene simama kila baada ya nusu saa uukung'ute, na uuvue ukirudi kwenye lami. Turubai la kuvukia maji, lile linalofungwa mbele ya gari kabla ya kuvuka mto, livuliwe mara tu ukitoka mtoni. Najua mtu aliyelisahau kwa kilomita 8.

Kila unaposimama kukung'uta wavu, inama uangalie na chini. Nyasi kavu zinazojikusanya juu ya ekzosi zinaweza kushika moto, na hapo suala si tena la mshale wa joto. Mimi chini ya kiti naweka ule waya wa Kitonga, brashi moja kuukuu ya rangi na lita tano za maji.